Nyuma Mnasikia? Maisha ya Bibi Mitambo, 1951–2025

Kabla ya yote, mliokaa benchi la mwisho: mnasikia? Kama hamsikii inueni mkono, tutasubiri. Yeye angesubiri. Kwa miaka arobaini na sita, kila Jumapili kabla wimbo wa kwanza haujatajwa, alishika maiki akauliza hilo swali moja, na ibada haikuanza mpaka nyuma wajibu. Hakuwahi kusema "alo, alo". Hakuhesabu moja mbili tatu. Na mhubiri mgeni akijisahau akaigonga maiki kwa kidole, alisogea polepole, akainama kwa heshima zote, akamwambia: "Baba, haibishwi hodi hiyo. Iko wazi."

Huyo ndiye Bibi Mitambo. Cheti cha ubatizo kina jina lingine, refu na zuri, lakini hata posta walimletea barua kwa hili.

Alizaliwa Jumamosi, tarehe 4 Agosti 1951, kwenye nyumba ya mwisho ya mtaa ulio nyuma ya kinu cha kusaga nafaka, mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa dereva wa lori, mama yake alifua mashuka ya hospitali. Alibatizwa kanisani humu humu tarehe 23 Septemba mwaka huo, na inasemekana alilia mpaka fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara akatoka kuangalia kuna nini. Waliokaa nyuma siku hiyo walisema ndicho kitu pekee walichosikia toka mbele.

Na hilo la nyuma lilikuwa kweli kabisa, si utani. Kanisa ni refu, mnaliona, na zamani hapakuwa na spika hata moja. Mama yake Bibi Mitambo alikuwa na mguu mbaya, hakuweza kupanda mpaka mbele, kwa hiyo alikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Halafu masikio yake yakaanza kufifia akiwa bado mama kijana. Kwa hiyo fikirieni: mtu anaamka, anaoga, anavaa nguo nzuri, anaburuta mguu mpaka kanisani, anakaa saa mbili, hasikii neno. Kila Jumapili. Na wakifika nyumbani anamwita binti yake: "Haya, leo kasema nini?"

Binti alikuwa na miaka saba, minane. Alikuwa na njaa. Alisema, "Kasema tupendane." Mama anamwangalia. "Saa nzima ile kasema hivyo tu?" Mtoto anajibu, "Alirudia rudia."

Alisimulia hiyo habari mara nyingi, na watu walicheka, na yeye alicheka. Lakini akimaliza kucheka alifuta macho. Alisema kila anachokumbuka cha utoto wake ni mama yake amekaa pale nyuma, ametabasamu kwa adabu, anaangalia midomo ya mtu aliye mbali sana.

Shule ya msingi alisoma kuanzia 1959 hadi 1966, ile yenye uwanja wa mteremko ambapo mpira ukitoka unaufuata mpaka sokoni. Hesabu alikuwa mzuri, mwandiko ulikuwa balaa. Mwaka 1965, akiwa na miaka kumi na minne, aliifungua redio ya baba yake. Baba alirudi safari akaikuta yote imelala kwenye sinia, vipande vipande. Akauliza ina nini. Binti akajibu, "Inapumzika." Ilipumzika siku mbili. Siku ya tatu ikaimba, baba akasema, "Lakini hii haikuwa mbovu." Naye akasema, "Sasa ni nzima zaidi." Skrubu moja ilibaki, haikujulikana ilitoka wapi. Aliitunza kwenye kibati cha dawa maisha yake yote, na kila fundi kijana aliyejisifu mbele yake alionyeshwa ile skrubu.

Sekondari alisoma miaka miwili, 1967 na 1968, baba akaugua, ikabidi aache. Hakukaa kulia. Aliandikia chuo kimoja kilichofundisha ufundi redio kwa posta, akaletewa vitabu kumi na viwili, kimoja kila mwezi, na alivisoma kwenye ngazi za nyuma za nyumba huku akichambua mboga. Cheti alikipata Novemba 1970. Tumekiweka kwenye meza ya kitabu cha rambirambi, mkitoka mkiangalie. Hilo doa la kijani ni mboga.

Machi 1971 aliajiriwa kwenye duka la redio la mtaa wa maduka, lile lililokuwa limebanana na kinyozi. Alikaa meza ya dirishani. Wateja walikuja, wakamwangalia, wakaangalia nyuma yake, wakauliza fundi yuko wapi. Alisema, "Ametoka kidogo, niachie tu." Akitengeneza, jioni wakirudi, wakisema mwambie fundi ahsante sana, alijibu, "Zitamfika." Kuna mzee mmoja alimtumia salamu fundi kwa miaka minne mizima.

Mwaka 1983 alifungua duka lake mwenyewe, chumba cha mbele cha nyumba, mlango wa kijani unaotazama barabara. Waliowahi kuingia mnaijua ile harufu, ya waya iliyochomwa na chai. Redio zilipangwa kwenye rafu mpaka darini, na kila moja ilikuwa na kikaratasi. Hakuandika jina la mwenye redio, aliandika ugonjwa. "Inakoroma." "Inaongea ikitaka." "Imeingia maji, mwenyewe anakataa." Ukifika kuchukua yako unaulizwa inaumwa nini, na kama hujui ugonjwa wa redio yako, unakaa kwenye kigoda mpaka ukumbuke.

Sasa ndoa, maana hii lazima isemwe na mhusika amekaa hapo mbele. Mwaka 1974, akiwa bado kwenye lile duka la karibu na kinyozi, seremala mmoja mpole alimletea redio. Fundi akaiangalia, nzima. Baada ya wiki mbili akairudisha, nzima. Mara ya tatu alipoileta, Bibi Mitambo hakuifungua hata. Aliandika kikaratasi, akakibandika, akamrudishia: "Haina ugonjwa. Mwenyewe ndiye anaumwa." Seremala alikisoma, akakikunja, akakiweka mfukoni. Walifunga ndoa kanisani humu tarehe 20 Desemba 1975, na Mungu akawapa watoto watatu: wa kwanza muuguzi, wa pili ni fundi umeme ambaye kila mtu anamwita Fyuzi, na wa mwisho mwalimu. Yeye alimwita mumewe Seremala, mumewe alimwita Mama. Walikaa miaka arobaini na tisa, na kile kikaratasi mpaka leo kimo kwenye pochi ya Babu. Msimwombe awaonyeshe leo. Mwombeni wiki ijayo.

Tunakuja kwenye mitambo yenyewe.

Novemba 1978 kanisa lilipata amplifaya yake ya kwanza na spika mbili. Mzee wa kanisa wa wakati huo, ambaye sasa ni marehemu na alikuwa mtu mwema, alisema hii ni kazi ya wanaume, kuna ngazi ya kupanda. Spika zote mbili zikawekwa mbele. Jumapili ya kwanza mchungaji alipofungua mdomo, mashine ikapiga mluzi, mtoto akalia, mzee akazungusha kila kinachozunguka, ikapiga zaidi. Wanaume watatu wakaizunguka. Hapo ndipo mwanamke mmoja mwenye miaka ishirini na saba na mimba ya Fyuzi akainuka kwenye benchi la katikati, akatembea mpaka mbele, kanisa zima linamwangalia, akaibeba stendi ya maiki akaisogeza nyuma ya spika. Hatua mbili tu. Mluzi ukakata. Akarudi akakaa.

Wiki ile ile aliitwa. Walimwambia aangalie mashine kwa muda. Akakubali kwa sharti moja, spika moja itolewe mbele ikafungwe nyuma, juu ya benchi la mwisho. Mzee wa kanisa akauliza nyuma kuna nani wa maana. Bibi Mitambo akamjibu, "Kuna mama yangu." Hapo mjadala ukaisha. Seremala alichonga sanduku la spika, na ngazi alipanda mwenyewe mke wake, mimba na yote, Seremala ameishika chini anatetemeka kuliko ngazi.

Jumapili iliyofuata, mama yake alisikia mahubiri kwa mara ya kwanza baada ya miaka zaidi ya ishirini. Walifika nyumbani, hakuuliza kasema nini. Alikaa, akavua viatu. Binti yake akawa na wasiwasi. Mwisho mama akasema, "Kumbe anarefusha." Halafu akasema, "Mwanangu, ulikuwa unanipunguzia mengi," na akaanza kulia, na Bibi Mitambo naye.

Tokea hapo watu waliona ni mambo ya mitambo, lakini yeye mwenyewe hakutazama mashine. Chunguzeni picha zote za kanisa, harusi, ubatizo, kipaimara. Mkono uko kwenye mashine, macho yako kwenye benchi la mwisho. Alijua sura ya mtu anayesikia na sura ya mtu anayetabasamu kwa adabu. Hakuna sauti iliyopita kanisani humu bila kupimwa kwenye uso wa mtu wa nyuma.

Sasa kuna jambo moja ambalo kanisa hamlijui. Watu wanne tu walilijua. Bibi Mitambo mwenyewe aliruhusu lisemwe, ila siku ya leo tu, kwa sababu, alivyosema, "siku hiyo sitaweza kubishana na mtu."

Kuanzia mwaka 2016 sauti ya kanisa ilianza kuwa kali. Nyembamba, yenye ncha. Kwaya walinong'onezana, vijana walishika masikio, lakini nani angemwambia Bibi Mitambo kwamba mitambo ina kasoro? Hakuna aliyethubutu. Watu walianza kuhama tu, mmoja mmoja. Na Jumapili ya tarehe 21 Mei 2017, aliinua macho kuangalia benchi la mwisho, likawa tupu. Watu wa nyuma walikuwa wamesimama nje, dirishani.

Chakula cha mchana siku hiyo hakukigusa. Alimuuliza mumewe mbona nyuma hawakukaa. Seremala akajifanya anatafuta chumvi. Akaulizwa tena. Ndipo akasema, "Mama, inatoboa."

"Inatoboa nini?"

"Masikio."

"Mimi sikuisikia ikitoboa."

Seremala akaweka kijiko chini. "Ndiyo hivyo, Mama."

Alielewa pale pale. Tarehe 9 Juni daktari alimpima akamthibitishia: sauti nyembamba zote zilikuwa zimeshaondoka, na zilizobaki zilikuwa njiani. Kama mama yake. Yeye alikuwa anaongeza zile nyembamba kila wiki kidogo kidogo, kwa sababu hazimfikii, akidhani ni spika zimezeeka. Alipewa kifaa cha kuvaa sikioni. Kwa maongezi kilimsaidia, lakini kwa muziki alisema kila kitu kinalia kama bati.

Kilichomuumiza hakikuwa kuachia mashine. Alimwambia binti yake wa kwanza kwamba miaka yote alifanya kazi ili mtu wa nyuma asiachwe, na sasa yeye ndiye amewatoa nje. Tarehe 12 Juni aliandika barua ya kujiuzulu. Akampa Fundi Viatu ampelekee mchungaji.

Fundi Viatu mnamjua. Kibanda chake kinatazamana na mlango wa kijani, na benchi la mwisho ni lake tangu akiwa kijana. Wiki ya kwanza akaulizwa kama barua imefika, akasema ameisahau kwenye koti. Wiki ya pili akasema koti limefuliwa. Wiki ya tatu Bibi Mitambo alivuka barabara, akasimama mbele ya kile kibanda mikono kiunoni, akataka barua yake.

Fundi Viatu hakuacha hata kupiga msumari. Akamwambia, "Siipeleki. Wewe dada yangu, tangu lini ulitumia masikio? Mimi nimekaa nyuma miaka yote hii, nakuona. Unatuangalia sisi. Basi endelea kutuangalia. Masikio ninayo mimi."

Wakapatana pale pale, juu ya kiatu cha mtu. Kitambaa cha mkononi kikiwa mfukoni, sauti iko sawa. Kikiwa begani, punguza. Akijifuta paji la uso, ongeza. Na akipenga kamasi, inatoboa, shusha zile nyembamba haraka.

Kwa hiyo akina mama wa maombi, tunaomba radhi. Fundi Viatu hajawahi kuwa na tatizo la pua. Miaka karibu minane mmemwombea, mmemletea dawa za kunusa, mmoja wenu alimpeleka mpaka kwa daktari na daktari akashangaa. Yuko mzima. Alikuwa kazini.

Ni mara moja tu mpango ulivurugika. Jumapili ya tarehe 14 Julai 2019, Fundi Viatu aliamka na mafua ya kweli. Akaja hivyo hivyo, hakutaka kumwacha mwenzake peke yake. Alipenga kamasi mara kumi na moja kabla ya mahubiri, na kila alipopenga, Bibi Mitambo alishusha. Akashusha, akashusha, mpaka mchungaji akawa anafungua na kufunga mdomo tu kama mtu aliye ndani ya gari. Kanisa likakaa kimya kwa unyenyekevu. Mchungaji, utusamehe, wapo waliotoka wakisema leo tumebarikiwa sana. Aliyemwokoa ni bibi mmoja wa nyuma aliyeweka kiganja nyuma ya sikio. Bibi Mitambo akaiona ile sura, sura ya mama yake, akapandisha kila kitu. Baada ya ibada alimwambia Fundi Viatu aumwe nyumbani siku nyingine. Naye akamjibu kwamba akiumwa nyumbani, nani atamwambia.

Kwa hiyo jueni hili, na mkiondoka leo muende nalo. Tangu katikati ya 2017, ile sauti mliyoisifu, ile ambayo wageni waliuliza mmemleta nani kutoka wapi, iliendeshwa na mwanamke aliyekuwa haisikii. Kwaya, kila wimbo wenu, hakuusikia. Aliuona. Aliutazama ukifika kwenye uso wa mtu wa mwisho, akaridhika. Na benchi la mwisho halikuwa tupu tena hata Jumapili moja.

Oktoba 2024 moyo ulianza kuchoka. Alipanda ngazi za madhabahu kwa vituo. Alimfundisha Fyuzi mashine, na somo lilikuwa moja tu, kwamba asiangalie mashine. Ibada yake ya mwisho ilikuwa tarehe 23 Februari mwaka huu. Machi 2 alilazwa, wodi ya ghorofa ya kwanza, kitanda cha dirishani, ambapo ndani ya siku mbili alishaomba bisibisi kwa sababu kengele ya wauguzi ilimtetemeshea kitanda. Hawakumpa. Alimwambia binti yake muuguzi kwamba hiyo hospitali ina watu wazuri ila hawaelekezeki.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa tatu, Seremala alikuwa amekaa naye. Kile kifaa cha sikioni kilikuwa kimevuliwa, kwa hiyo Babu alikuwa anamwita kwa sauti kubwa, wodi nzima inasikia. Bibi Mitambo alifungua macho akamwangalia vizuri, vile alivyoangalia benchi la mwisho. Akasema, "Usipige kelele, Seremala. Nakuona." Akafumba macho. Ilipofika saa tatu na nusu alikuwa ametangulia. Alikuwa na miaka sabini na tatu.

Ameacha mume mmoja, watoto watatu na wenzi wao, wajukuu saba, kitukuu mmoja ambaye mkimsikia analia muacheni, ni urithi, na mdogo wake wa kike aliyebaki katika wale watano. Ameacha redio kumi na nne rafuni zenye vikaratasi, wenyewe mje mkijua zinaumwa nini. Ameacha skrubu moja isiyo na kwao.

Na ameacha barua. Fundi Viatu alituletea juzi Alhamisi, alikuwa ameitunza kwenye kisanduku cha soli muda wote. Ni fupi, na mwandiko ni ule ule wa balaa: "Mchungaji, masikio yangu yameisha. Tafuteni mwingine. Asiwe anayejua mashine sana. Awe anayetazama nyuma."

Leo kwenye mashine yuko Fyuzi. Vitambaa vimetoka kila benchi, kuna wanaojifuta, kuna wanaopenga, na kama ingekuwa Jumapili ya kawaida angeshachanganyikiwa. Fyuzi, usiguse kitu. Angalia nyuma kabisa tu. Fundi Viatu ametuambia kwamba leo kitambaa amekiacha nyumbani kwa makusudi, akilia alie na uso mtupu, maana hataki, hata kwa bahati mbaya, kumwambia dada yake kwamba kuna kitu hakiko sawa.

Bibi Mitambo, nyuma tumesikia. Kila kitu kilifika. Pumzika sasa kwa amani.